Kosa ni Kosa?

Kiswahili chetu ni tajiri wa maneno, lakini hapa kimebana matumizi. Neno moja tu, kosa, tumelitwisha mizigo mitatu. Aliyevunja duka usiku ana kosa. Aliyeandika "kitabu yangu" ana kosa. Na mizani inayosoma gramu 990 pale ilipowekewa kilo kamili, nayo ina kosa. Halafu kuna kukosa hela, ambako sisi vijana wa maskani ndiko tulikobobea, lakini hilo tuliache leo.

Nimelizungusha neno hili kichwani muda mrefu. Ninaandika riwaya, iko kwenye kaunta buku la tatu sasa, nami nimeambiwa imejaa makosa. Sawa. Lakini makosa ya aina gani?

Tuanze na mahakama. Tanga ni mji wa baiskeli, hilo kila mtu analijua. Basi mchukue jamaa ametoka kuswali Ijumaa pale Ngamiani. Nje ya msikiti zimepangwa Phoenix nyeusi ishirini, zinafanana kama mapacha. Anapanda moja, huyo anaondoka. Kumbe si yake! Amekosea, hakuna ubishi. Lakini je, ni mwizi? Kanuni ya Adhabu, tuliyorithi kwa Mwingereza, inasema aliyetenda kwa kuamini kwa dhati, na kwa sababu za maana, jambo ambalo si kweli, ahukumiwe kana kwamba mambo yalikuwa kama alivyoamini. Maana yake mahakama inachungulia moyo. Haiishii kuuliza umefanya nini, inauliza ulikusudia nini.

Na ni vizuri iulize, maana lugha peke yake haitoshi kutenganisha mambo haya. Hata neno hatia tulilolichukua kwa Waarabu, kwao lina mzizi mmoja na neno la kukosea bila kukusudia.

Ila sheria hiyohiyo ina mlango mmoja imeufunga kwa komeo: kutojua sheria si utetezi. Haya, tukubali. Lakini kwa miaka mingi sheria zenyewe zilikuwa kwa Kiingereza. Mahakama ya Mwanzo ilimsikiliza mwananchi kwa Kiswahili, na Kanuni ya Adhabu ikabaki na lugha ya wenyewe. Mvuvi wa Mwarongo alitakiwa ajue asichoweza kukisoma. Ni mwaka 2021 tu sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Miaka yote ile kabla ya hapo, kosa lilikuwa la nani?

Sasa twende dukani. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa na mjomba nikiuza mchele, na pale nikajifunza kosa la aina nyingine kabisa. Bwana wa Wakala wa Vipimo anakuja na mawe yake ya kupimia. Anaweka jiwe, anasoma, anaweka jingine. Mizani ikipotoka kidogo, ndani ya kiasi kilichoruhusiwa, anagonga mhuri. Ikizidi, hagongi. Haulizi mizani ilikusudia nini. Hakasiriki. Kwake kosa lina ukubwa tu, kama vile kamba inavyokuwa na urefu.

Bibi yangu, mzaliwa wa Tongoni, yeye alipima kwa pishi, vibaba vinne, na kitambaa kwa dhiraa, yaani shibiri mbili. Mkono wa huyu si mkono wa yule, na watu walilijua hilo wakapatana hivyohivyo. Lakini aliyekata shibiri ndogo akiuza na kubwa akinunua, huyo walimwita jina lake. Ndiyo lumbesa ya leo, gunia la viazi lililovimbishwa kwa juu hadi likaota kichwa. Mizani inayoyumba huku na huku imekosea. Mizani inayokosea kila siku upande wa mwenye duka haijakosea, imefundishwa. Hapo ndipo kosa la kipimo linapogeuka kuwa kosa la sheria.

Wapimaji ardhi ndio walionikuna zaidi. Wanaanza kwenye bikoni inayojulikana, wanazunguka shamba zima, wanarudi palepale. Hesabu haifungi sawasawa hata siku moja. Tepu ya chuma ya mita 30, joto likipanda nyuzi kumi tu, inarefuka milimita tatu na ushee, na jua la Tanga mnalijua. Basi mpimaji anaitafuta ile tofauti, anaiandika, na ikiwa ndogo anaigawa kwenye vituo vyote. Hafichi, wala hatafuti wa kumtupia lawama.

Mwenzetu Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, alianza na ukarani wa forodha, na miaka ya 1950 akafanya kazi ofisi ya upimaji hapahapa Tanga. Mchana sheria na vipimo, usiku lugha. Sijui alilionaje hili, ila mimi kila nikikumbuka ofisi ile napata nguvu.

Maana sasa tumefika kwenye lugha, penye kidonda changu. Kidato cha tatu niliandika insha, bibi ndani yake akamuuliza mjukuu: "Waja lini?" Mwalimu wangu mmoja akaizungushia wino mwekundu, pembeni akaandika: "Nani hao?" Kwake waja ni wao tu. Lakini u-a-ja ni wewe, na wakati huo wa -a- umo kwenye sarufi sanifu yenyewe. Hata msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo, unamsemesha mgeni mmoja! Na juzi mhariri fulani naye kanirudishia sura mbili: bibi huyu azungumze "vizuri".

Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kuusimamia. Silalamiki. Bikoni lazima ipandwe mahali, bila hiyo hakuna ramani. Ilipandwa Unguja. Lakini mpimaji haiambii Tongoni kwamba imekosea kwa kuwa mbali na bikoni. Anaandika umbali, basi.

Kwenye lugha tumechukua kalamu ya hakimu mahali palipotaka tepu ya mpimaji. "Kitabu yangu" katika barua ya kuomba kazi, pigeni mstari, ni haki yenu. Bibi wa Tongoni akisema "waja", ulizeni kwanza anapimwa kutoka wapi.

Vijana wenzangu mnaoandika, mkirudishiwa kazi imejaa wekundu msinune, wala msikubali yote kichwakichwa. Kaeni na kila mstari mwekundu mwulize: hapa nimeambiwa nimevunja sheria, au nimeambiwa niko mbali? La kwanza rekebisheni. La pili pimeni, kisha mwamue wenyewe. Mimi sura zile mbili nimezinakili upya. Herufi na alama nimesafisha zote. Bibi nimemwacha aseme.