Viatu vya Liverpool

Barabara inayotoka Mombo kupanda Lushoto hujipinda kama ushanga uliotupwa, na aliyezoea kuipanda huijua kwa miguu kabla ya macho. Husikia Soni kwa baridi inayoanza kumtambaa kifundoni. Ndiyo maana katika soko la Lushoto, baina ya wauza peasi na kabichi, fundi viatu hakosi kazi mwaka mzima. Milima ya Usambara hula soli. Kiatu ambacho Tanga mjini kingedumu miaka miwili, huku hupasuka ubavu kabla ya vuli ya pili, kwa sababu mwenyewe kila siku ama anapanda, ama anateremka.

Fundi mmoja wa soko hilo, mtu wa makamo, mwenye msharasi uliochakaa mpini kwa jasho la kiganja, alikuwa mpenzi wa ngumi tangu utotoni. Alirithi kwa baba yake hadithi ya Titus Simba, bondia wa Tanzania aliyefika fainali ya uzani wa kati katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, mwaka 1970, akarudi na medali ya fedha. Aliyemshinda alikuwa John Conteh, kijana wa Liverpool ambaye miaka minne baadaye alitwaa ubingwa wa dunia. Baba alipoisimulia hadithi hiyo hakumtaja Simba kuwa ni mtu aliyeshindwa. Alimtaja kuwa ni mtu aliyefika. Na jina la Liverpool likabaki nyumbani humo kama jina la mdai wa zamani.

Basi ilipofika Septemba 2018, na habari ikapanda mlima kwamba Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1995, amempiga Sam Eggington mjini Birmingham, fundi aliweka nyundo chini. Eggington alikuwa amewahi kuwa bingwa wa Uingereza na wa Ulaya, tena alikuwa akipigana jirani na kwao, mbele ya watu wake. Mwakinyo alikuwa jina ambalo wengi ukumbini hawakuwahi kulisikia. Raundi ya pili haikwisha. Mwamuzi aliingia kati, akalisimamisha pambano. Huku Usambara, watu ambao hawajui glovu inafungwaje walisema "tumempiga". Ni neno dogo hilo, "tumempiga", walakini limebeba mzigo mkubwa, maana anayesema "tumempiga" leo hana budi kuamua kesho atasemaje mtu wake akipigwa.

Kesho hiyo ilifika tarehe 3 Septemba 2022, tena ilifikia Liverpool. Mwenyeji alikuwa Liam Smith, mzaliwa wa mji huo na bingwa wa dunia wa zamani wa uzani huo huo. Katika raundi ya nne Mwakinyo alipiga goti, na pambano likaishia hapo. Baadaye alieleza kwamba begi lake la vifaa halikufika naye safarini, kwamba viatu alivyopandia ulingoni havikuwa vyake wala havikumkaa sawasawa, na kwamba kifundo cha mguu kilimuuma.

Kicheko kilichofuata kilienea nchi nzima. Pale sokoni vijana wa bodaboda walikigeuza kiatu kuwa kitendawili na mzaha: mtu akichelewa, ni viatu, akikosa nauli, ni viatu, akikataliwa posa, ni viatu. Wale wale waliosema "tumempiga" sasa walisema "amepigwa". Kiswahili kina nafsi tatu, za umoja na za wingi, na si ajabu kuona mtu mmoja akihamishwa kutoka nafsi moja hadi nyingine kwa usiku mmoja.

"Mzee, na wewe umeamini habari ya viatu?" kijana mmoja alimwuliza fundi, huku amemletea raba yake ishonwe.

Fundi hakujibu upesi. Aliigeuza ile raba, akaingiza mkono ndani, akauonyesha ukingo mmoja uliolika hadi kitambaa.

"Mwanangu, hii ni yako?"

"Ni ya kaka."

"Nilijua. Yeye hukanyagia nje, wewe hukanyagia ndani. Ndiyo maana umeipasua. Na wewe hupigani na mtu, unaendesha pikipiki."

Kisha akamweleza jambo ambalo watazamaji wengi wa ngumi hawalifikirii. Kiatu cha bondia ni chepesi, soli yake nyembamba, nacho hupanda juu kukikumbatia kifundo, kwa kuwa ngumi haianzii mkononi. Huanzia kwenye wayo, ikapanda gotini, ikazunguka kiunoni, ndipo ikafika begani. Mguu ukiyumba ndani ya kiatu kwa upana wa kidole, ngumi nayo imepotea njia. Hata kukwepa ni kazi ya nyayo. Wapenzi wa malumbano ya mashairi wataelewa: mgeni akialikwa baraza la watu, akapewa kina asichokizoea, papo kwa papo, mbele ya wenyeji wanaomngoja ajikwae, hukumu juu ya kipaji chake ingepaswa kungoja kidogo.

Hata hivyo fundi hakumtetea moja kwa moja, na hapo ndipo alipowaudhi pande zote mbili. "Kama kiatu kilimkataa," alisema, "angelisema kabla ya kengele. Ukishapanda, umekikubali." Kijana alicheka, akidhani ameshinda. Mzee akaongeza kwamba kusema kabla ya kengele si rahisi kwa mgeni, ukumbi umejaa, mkataba umetiwa saini, na nyumbani nchi nzima inangoja kusema "tumempiga". Mtu wa namna hiyo hupanda hata pekupeku.

Miezi minne tu baadaye, Januari 2023, Smith huyo huyo alimsimamisha Chris Eubank Jr mjini Manchester, katika raundi ile ile ya nne. Habari hiyo haikuleta mzaha sokoni wala haikuleta radhi. Ilipita tu, kama lori la kabichi linaloteremka usiku.

Mwakinyo hakuacha ngumi. Mnamo Januari 2024 alivuka bahari kwenda Unguja, kisiwa kilichokaa miongo mingi bila ngumi za ulingoni, akamshinda Elvis Ahorgah wa Ghana. Yule kijana wa raba alikuja asubuhi kumpa fundi habari, akiigiza ngumi moja baada ya nyingine, huku akisema tena "tumempiga".

Fundi alimsikiliza hadi mwisho, uzi ukiwa kinywani. Alipoutoa, aliuliza swali moja: alivaa viatu gani?

Kijana hakujua. Alikuwa ametazama mikono tu.