Vitufe, Kielekezi na Daftari la Mahudhurio



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapendwa, sisi wa darasa la kompyuta tulikabidhiwa kazi ya kuandika programu ya mahudhurio ya wadogo zetu. Kompyuta zetu ni kuukuu, kwa hiyo programu inatumia terminali, yaani skrini ya maandishi matupu, isiyohitaji kipanya.

Kwanza, tulijifunza kwamba kwa kawaida terminali huushikilia mstari mpaka mtu abonyeze Enter, ndipo programu ipewe herufi. Sisi tulihitaji kila kitufe papo hapo. Hivyo programu huiamuru terminali isingoje, wala isiandike yenyewe kilichobonyezwa.

Pili, vitufe vya mishale. Mshale wa juu hutuma alama tatu zikifuatana: Esc, ambayo namba yake ni 27, kisha [ na A. Wa chini huishia na B, wa kulia C, wa kushoto D. Kwa kuwa kitufe cha Esc nacho hutuma 27 hiyo hiyo, programu husubiri kitambo kidogo sana. Isipofuata alama nyingine, inajua ni Esc peke yake.

Tatu, kielekezi, ile alama inayoonyesha mahali pa kuandikia. Programu ikituma Esc ikifuatwa na [5;10H, kielekezi huenda mstari wa 5, safu ya 10, tukihesabu kuanzia 1 kwenye pembe ya juu kushoto. Utaratibu huu ulienezwa na terminali ya VT100 ya kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, iliyotoka mwaka 1978 ikiwa na mistari 24 ya herufi 80. Terminali za leo bado zinaufuata.

Hapa ndipo penye amana. Terminali haijui jina la mtu. Inajua mstari na safu tu. Hesabu ya programu ikipishana na skrini kwa mstari mmoja, mtoto aliyehudhuria ataandikwa mtoro, na mzazi wake ataitwa bure. Ndiyo maana tulijaribu kila jina, la kwanza hadi la mwisho, kabla ya kumkabidhi ustadh.

Mwisho, programu ikifungwa huirudisha terminali kama ilivyoikuta. Isiporudisha, anayefuata ataandika asione herufi hata moja, adhani kompyuta imeharibika.

Wenzetu wa mwakani, tunawaachia kazi hii muiendeleze.

Wabillahi tawfiq.