Safari ya Ujiji na Swali la Binti Yangu

Shule zilipokaribia kufungwa, mume wangu aliuliza tuwapeleke wapi watoto. Wao walitaka Unguja, wakaoge baharini. Mama mkwe, aliyekuwa akivuta tasbihi barazani, alisema neno moja tu: "Ujiji." Hakueleza zaidi, nasi hatukumbishia.

Usiku ule tulitandaza ramani mkekani. Kutoka hapa Tabora hadi Ujiji ni takriban kilomita 400. Tutaanzia Kwihara, nje kidogo ya mji, penye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Kisha Urambo, mji wenye jina la Mtemi Mirambo, aliyepigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora mwaka 1871. Kisha Kaliua, mto Malagarasi, na Uvinza kwenye chumvi. Mwisho ni Ujiji, penye miembe mikongwe na Ziwa Tanganyika.

Mimi niliandika vya kuchukua: maji, maandazi, mikeka miwili ya kuswalia na kata ya kutawadhia. Mume wangu akawafundisha watoto hukumu za msafiri: Adhuhuri, Alasiri na Isha huswaliwa rakaa mbili mbili, Magharibi hubaki tatu. Kitinda mimba wetu akashangilia. Tukamweleza kuwa hiyo ni sadaka ya Mola kwa waja wake, si hila ya kukwepa ibada.

Ndipo binti yetu mkubwa, mwenye miaka 14, alipoinua uso. Shuleni amesoma kwamba njia hii, kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, ndiyo iliyopitisha misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Akauliza: "Mama, waliowafunga wenzao minyororo, walikuwa wakiswali?"

Sote tulinyamaza. Nilitaka kumwambia kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliolipwa ujira. Nilitaka pia kumwambia kwamba Wazungu nao walifanya biashara hiyo, tena kwa majahazi makubwa. Yote mawili ni kweli, lakini hakuna hata moja lililojibu swali lake.

Aliyejibu ni mama mkwe. "Ndiyo, mjukuu wangu. Wengi wao walikuwa wakiswali. Na bibi yangu mzaa mama aliipita njia hiyo kwa miguu, akitolewa Manyema, akiwa mdogo kuliko wewe. Hakuja kwa hiari yake. Alisilimu hapahapa, na ndiye aliyenifundisha Alhamdu. Nataka niione njia yake kabla sijafa."

Mume wangu alimtazama mama yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Tangu azaliwe hakuwahi kuambiwa habari hiyo. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini aibu yake iliendelea kukaa majumbani mwetu. Na ajabu ni kwamba waliobeba aibu ni waliofungwa, si waliofunga.

Nimeisoma upya Sura ya Al-Balad. Humo Mwenyezi Mungu ametaja njia ngumu ya kupanda mlima, na la kwanza alilolitaja katika njia hiyo ni kumwacha huru mtumwa. Walioongoza misafara ile waliisoma sura hiyohiyo, kisha wakashika njia ya tambarare, yenye faida. Dini haikuwakosea, wao ndio walioikosea. Mtoto akiuliza, tumwambie hivyo kwa uwazi. Tukimficha, ataisikia habari hiyo kwingine, naye atadhani kwamba Uislamu ndio uliofunga minyororo, au kwamba wazazi wake ni waongo.

Ramani haikubadilika, ila mipango imebadilika. Kiti cha mbele ni cha mama mkwe, na binti yetu atakaa nyuma yake na daftari, aandike kila atakalosimulia. Tukifika Ujiji, inshallah, tutaswali rakaa mbili chini ya miembe, kisha tutamsomea Fatiha yule bibi aliyetufundisha kuisoma.