Nyangwe: Treni ya bati yatafuta umeme wake

Karibu na njia inayoshuka kwenye kivuko cha Lualaba, hapa Nyangwe, kuna kibanda cha fundi wa redio. Juu ya bati ameweka pano moja ya sola. Chini ya meza kuna batri moja kubwa ya volti 12, na juu ya meza simu za watu zinasubiri chaji. Nyingi ni za familia zilizokimbia vijiji vya upande wa Kabambare. Mama anaacha simu asubuhi, anaenda kulima shamba la watu, anairudia jioni ili ajue kama waliobaki nyuma wangali salama. Kwa hiyo batri ile si ya fundi peke yake, hata kama yeye ndiye aliyeinunua.

Sasa kibanda kimepata mgeni mwingine: mashine ya treni. Ni ya bati la mapipa na makopo, urefu wake unapita mita moja, uzito wake kilo 14, na imepakwa rangi ya njano iliyobaki kwenye kazi ya mtu. Ndani yake kuna mota ya kufuta maji kwenye kioo cha lori.

Wazo lilitoka kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya breki kwenye treni siku za ujana wake. Jioni huwa anakaa pale kibandani kusikiliza habari. Siku moja alikuwa anawasimulia watoto safari za Kindu na Kongolo, na binti mmoja wa familia ya wakimbizi, wa miaka kumi hivi, akamuuliza: “Babu, treni inakula nini?”

Swali hilo mzee alilijibu haraka: kwanza kuni, baadaye mazutu. Fundi yeye hakulala vizuri. Alikuwa tayari ameanza kukata bati.

Reli ya kweli haifiki Nyangwe. Inapita ng'ambo, magharibi ya Lualaba, kupitia Kibombo na Samba. Kipande cha Kindu hadi Kongolo kilijengwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mashine zake za kwanza zilichoma kuni zilizokatwa kandokando ya njia. Kule kusini, Katanga, mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1952 treni za umeme zilianza kati ya Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati ule, na Tenke, zikichukua umeme kutoka waya wa juu. Huko kulikuwa na migodi na mabwawa ya umeme. Waya ule haukufika Maniema. Mashine inayokuja Kindu inabeba chakula chake tumboni, na mazutu yakichelewa, inasimama na watu wanangoja na mizigo yao.

Fundi alipima kwa akili. Upana wa reli za kweli ni milimita 1067; akagawa kwa kumi, akapata karibu sentimita 11. Akalaza vyuma bapa viwili vya mita nane juu ya vipande vya mti, nyuma ya kibanda. Kisha akataka kuitia umeme kama wanavyofanya watu wa Ulaya na Marekani wenye treni kubwa za kuchezea bustanini.

Wale wana njia yao. Umeme unapita kwenye reli zenyewe, na amri zinapita humo humo. Sanduku la kuongozea linageuza umeme huku na huku kwa haraka mno, mapigo mengine mafupi, mengine marefu, na mapigo hayo ndiyo maneno. Kila mashine ina dekoda, yaani kifaa kinachosoma maneno hayo, na kila dekoda ina namba yake. Ukiita namba tatu, namba tatu ndiyo inayoondoka. Namba saba inabaki imesimama kwenye reli ileile yenye umeme uleule. Ni akili nzuri. Lakini treni za ukubwa huo zinataka sanduku la kutoa volti 18 hadi 24 na ampea tano au kumi, na zinataka reli safi, tena za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu.

Chuma cha Nyangwe kinashika kutu usiku mmoja tu wa mvua. Kutu haipitishi umeme vizuri. Kabla ya kununua sanduku lolote, fundi alijaribu kwa kuunga batri yake kubwa moja kwa moja kwenye reli. Mashine ilikwenda kidogo, ikatoa cheche chini ya gurudumu, ikasimama, ikaruka, ikasimama tena. Watoto walipiga makofi. Aliendelea kusugua reli kwa mchanga na kujaribu hadi jua likazama.

Jioni ile mama mmoja alikuja kuchukua simu yake. Ilikuwa imezimika. Batri kubwa ilikuwa imekauka, na simu kumi na moja zilikuwa hazijapata kitu. Mama hakupaza sauti. Alisema tu, “Fundi, leo ndiyo siku ambayo mdogo wangu aliahidi kupiga.” Fundi alimpa simu yake mwenyewe, lakini namba ya mdogo wake ilikuwa ndani ya ile iliyozimika.

Baada ya hapo treni ilikaa chini ya turubai siku nyingi. Baadhi ya majirani walisema mtu mzima hachezi na bati watu wakiwa na shida. Maneno hayo yana haki yake, ila waliyasema wasioona jinsi watoto wale walivyokuwa wanakuja kila asubuhi kuinua turubai na kuchungulia.

Mzee ndiye aliyelifungua jambo. “Mwanangu,” alimwambia, “sisi huku hatujawahi kuwa na waya. Ibebe mwenyewe.”

Fundi alikwenda Kasongo akarudi na batri mbovu za kompyuta za kubeba. Ndani ya batri ya namna hiyo mna seli kadhaa za duara, na mara nyingi moja au mbili ndizo zilizokufa, nyingine zingali hai. Alizipima moja moja, akachagua sita. Kila seli ina volti 3.7, tatu zikifuatana zinatoa 11.1, na zikijaa kabisa 12.6. Alipanga safu mbili za tatu tatu ili mzigo ugawanyike.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapounguza nyumba. Chaja ya batri ya gari inapanda hadi volti 14 na zaidi, na seli hizi haziwezi kuvumilia hayo. Zinavimba, zinawaka, na moto wake haukubali kuzimwa kwa urahisi. Fundi alitafuta chaja inayokata kwenye 12.6, akaweka kadi ya ulinzi na fyuzi, na anazichaji juu ya jiwe, nje, mbali na paa la majani, akiwa amekaa anaziangalia.

Kosa la pili alilikwepa kwa sababu alikwisha kulifanya zamani kwenye pampu. Mota ikizunguka na mzigo inakula ampea tatu. Mtu akiizuia kwa mkono, isizunguke, inakula mara nne au tano ya hapo. Kidhibiti mwendo huchaguliwa kwa namba ile kubwa, kwani siku treni itakapokwama ndiyo siku kitakapoungua. Aliagiza cha ampea 20. Kinakata umeme vipande vidogo vidogo, mara maelfu kwa sekunde, na hivyo mashine inaondoka polepole kwa nguvu, kama inavyotakiwa. Mzee alikuwa ameshikilia hilo tangu mwanzo: treni haiondoki kama panya.

Amri zinatoka kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, kupitia bluutuu, mpaka kwenye kadi ndogo iliyofichwa chini ya bati. Mbali ya mita kumi haisikii, lakini reli ni mita nane.

Jumapili iliyopita binti yule ndiye aliyeshika simu. Mashine ilivuta makopo manne ya nyanya yaliyojaa mchanga, ikafika pale vyuma vinapoungana, ikakwama. Mota ikanguruma, kadi ya ulinzi ikakata, hakuna kilichoungua. Mzee aliinama kwa shida, akalisukuma gurudumu kwa kidole, akamwambia, “Haya, dereva.” Ilikwenda mpaka mwisho na kurudi kwa muda wa dakika arobaini, kisha ikaanza kuchoka.

Binti aliuliza kama seli zitachajiwa usiku huohuo. Fundi alimwonyesha simu zilizopangwa mezani, tisa. Zitachajiwa kesho, alisema, jua likipanda, baada ya hizi.