Dalili ya Mvua ni Mawingu. Sawa, Mawingu Gani?

Wasee, ile methali ya dalili ya mvua tumeimba tangu shule ya msingi. Poa. Lakini hakuna mwalimu aliyeniambia ni mawingu gani. Na kama wewe ni mmoja wa wale wanaopanga kupanda Mlima Kenya Januari hii (mko wengi, naona maswali yenu), hilo swali ni lako.

Januari na Februari ndio kiangazi chetu. Simu inakuonyesha kijua cha manjano wiki nzima, unafurahi, unabeba jaketi moja. Manze, hicho kijua ni cha Nanyuki! Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Lenana, kilele ambacho wengi wetu huishia, ni mita 4,985. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kama digrii 6. Piga hesabu mwenyewe. Huko juu ni kiangazi kila mchana na barafu kila usiku. Nimelala kambi ya Shipton na soksi tatu, na bado vidole vilikuwa vinalia.

Mawingu ya huko yana ratiba. Usiku miteremko inapoa, hewa baridi inateremkia mabondeni, vilele vinabaki wazi. Jua likitoka linapasha miteremko joto, hewa yenye unyevu inapanda, inapoa, mvuke unageuka matone. Kufikia saa nne au saa tano hivi, mara nyingi Batian imeshafunikwa. Ndiyo maana mnaamshwa saa nane usiku. Picha ya macheo ni bonasi tu.

Majina ya mawingu tunayotumia yalianza na Luke Howard wa London mwaka 1802. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo huyu jamaa nampenda: kazi yake ilikuwa kutengeneza dawa, mawingu alikuwa anayaangalia kwa mapenzi tu, na mpaka leo dunia nzima inatumia majina yake.

Zile nyuzi nyembamba juu kabisa, kama pamba iliyovutwa na vidole, ni sirasi. Ni chembe za barafu. Video za wapanda milima wa Ulaya zitakuambia ukiziona, hali ya hewa inaharibika kesho. Kwao inaweza kuwa kweli, kwa sababu hewa baridi na hewa ya joto hukutana huko na kusukumana. Hapa ikweta hatuna hiyo mambo. Mara nyingi ni mabaki ya dhoruba iliyopiga mahali pengine jana. Usipate presha.

Ukiona wingu kama sahani iliyogeuzwa, limekaa juu ya kilele na halisongi, jua huko juu kuna upepo mkali hata kama hapo ulipo nyasi hazitikisiki. Na ile bahari ya mawingu chini ya miguu yako asubuhi, ile kila mtu anaposti, ni stratokumulasi. Kali sana kwa kamera. Ila jua likiipasha inaweza kupanda mpaka ulipo, na hapo njia inapotea.

Lakini lile la kuangalia kama mwizi ni kumulasi. Chini limenyooka, juu lina mafundo kama koliflawa. Likiwa dogo halina neno. Angalia linavyokua.

Kuna asubuhi nilikuwa Shipton nikishuti. Kundi moja la rika letu lilichelewa, mmoja wao aliumwa na kichwa usiku mzima. Saa nne ndiyo wanataka kuanza kupanda Lenana. Mwelekezi wao, mzee wa miaka hamsini na kitu, akakataa. Jua linawaka kabisa! Mmoja akatoa simu: "Mzee, hapa inasema hakuna mvua." Mwingine akaongeza kwamba wamelipa pesa yao.

Hapo ndipo damu yangu huchemka. Mtu amepanda huu mlima kabla hujazaliwa, halafu unamwongelesha kama konda aliyekatalia chenji yako.

Mzee hakupandisha sauti. Akanyoosha kidole upande wa bonde. "Wanangu, lile wingu saa tatu lilikuwa pana kuliko refu. Sasa ni refu kuliko pana. Na bado ni saa nne."

Nikageuza kamera, nikaiacha ikirekodi. Ukiharakisha hiyo klipu, wingu linapanda kama maziwa yanayofurika sufuria, halafu kichwa kinagonga juu na kutandaa bapa kama fuawe ya mhunzi. Hilo sasa linaitwa kumulonimbasi.

Saa saba na nusu mvua ya mawe ikaanza kupiga paa. Wakati huo wangekuwa karibu na kilele, mwamba mtupu, hakuna pa kujificha. Nikahesabu kutoka umeme umulike hadi ngurumo: sekunde sita. Gawanya kwa tatu, hiyo ni kilomita mbili. Mara iliyofuata, sekunde tatu. Ndani ya banda hakuna aliyekuwa anaongea, hata yule wa simu.

Jioni vilele vikafunguka tena, vyeupe. Mzee akanijia na kikombe chake cha chai, akaniomba nimtumie ile klipu. Alikuwa na wateja wengine wiki iliyofuata, na alijua watabisha.