Birika la Maji ya Moto

Mtu akaaye kisiwani hununua kila kitu kikubwa mara mbili: mara ya kwanza dukani, na mara ya pili gatini. Bei ya kwanza huandikwa katika kikaratasi, huonekana kwa macho na hupunguzwa kwa maneno. Bei ya pili haina kikaratasi, na mwenye kuilipa huijua jumla yake siku ambayo kitu kimekwisha fika nyumbani, au kimekwisha vunjika njiani. Watu wa Mafia wanaijua hesabu hii tangu utoto. Ndiyo sababu mwalimu mmoja mstaafu wa Kilindoni, alipoazimia kumnunulia mama yake birika la maji ya moto, alifunga safari ya Dar es Salaam na daftari la mistari, kalamu mbili, na futi ya fundi cherehani.

Mama yake alikuwa amepita umri wa miaka 80, na baridi yabisi ilikuwa imemshika magoti yote mawili. Wakati wa kaskazi alijikongoja mpaka barazani akazungumza na wapita njia. Kusi ilipoanza kuvuma hakutoka chumbani. Kila alfajiri mjukuu wake, binti wa darasa la sita, aliwasha moto wa vifuu, akachemsha sufuria la maji, akayachanganya na ya baridi katika karai, na bibi akatia miguu. Faraja ya karai ilikuwa haba, kwani maji yake yaliishia kwenye vifundo vya miguu, na maumivu yalikuwa magotini. Tabibu alisema kwamba maji yafikayo kiunoni yangemfaa zaidi, ila yasipite nyuzi 40, wala mgonjwa asikae humo zaidi ya robo saa, kwa kuwa alikuwa na shinikizo la damu pia. Mwalimu aliyaandika maneno hayo katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Kurasa zilizofuata aliwaachia wauzaji.

Fedha aliyokuwa nayo ilikuwa baki ya kiinua mgongo chake. Sehemu kubwa ilikwisha kwenda katika bati za nyumba na ada za wajukuu. Iliyosalia ilikuwa shilingi milioni 10, na nyuma yake hapakuwa na nyingine.

Jina la kitu chenyewe lilimpa taabu kabla ya bei. Dukani huitwa jakuzi. Mwalimu alikuwa mpenzi wa maneno ya kale, akapenda kuliita birika. Lakini kijana wa leo akisikia birika hufikiri chai. Katika nyumba za mawe za pwani, mathalani zile za Lamu, birika lilikuwa hodhi la chokaa katika chumba cha kuogea, na wenyewe walifuga humo samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Unguja mtaa mzima waitwa Hamamni kwa ajili ya nyumba ya kuogea iliyojengwa kwa amri ya Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Na kabla yake baba yake, Seyyid Said, alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu huko Kidichi mnamo 1850. Kusini ya Mafia, katika kisiwa cha Kilwa, magofu ya Husuni Kubwa ya karne ya 14 yana birika la pembe nane ambalo hata leo huwastaajabisha wageni. Basi asidhani mtu kwamba watu wa pwani walifundishwa na mahoteli kujitia majini kwa raha.

Na hilo neno jakuzi lina habari yake. Jacuzzi lilikuwa jina la ukoo wa ndugu wa Kiitalia waliohamia California, Marekani. Walianza kwa kutengeneza rafadha za ndege, kisha wakaingia katika pampu za visima vya wakulima. Mmoja wao, Candido, alikuwa na mtoto mdogo, Kenneth, aliyeugua baridi yabisi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 baba huyo alibuni pampu ndogo ya kutiwa katika bafu la nyumbani, ili maji yamkande mtoto bila kungoja siku ya hospitali. Pampu hiyo ilianza kuuzwa kwa watu mnamo 1956, na mwaka 1968 mtu mwingine wa ukoo huo, Roy, akaunganisha pampu na birika kuwa kitu kimoja. Hivyo kitu ambacho leo hutangazwa kwa picha za vijana wenye bilauri mkononi, kilianza kwa mtoto mgonjwa na baba asiyelala.

Mwalimu alivuka kwa chombo mpaka Nyamisati, akapanda basi, akashuka Mbagala jioni, amechoka na mavumbi yamemjaa.

Duka la kwanza lilikuwa katika Barabara ya Nyerere, lenye vioo vitupu na ubaridi wa mashine. Kijana nadhifu alimpokea.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Natazama mabirika yenu.”

Birika lilikuwa jeupe, laini kama ganda la yai, lenye viti vitano na taa za rangi chini ya maji. Bei yake ilikuwa shilingi milioni 9 na laki 5. Mwalimu aliuliza maji yake huchukua muda gani kupata moto. “Mara moja tu, mzee. Nusu saa umekwisha ingia.” Mwalimu, aliyefundisha hesabu kwa miaka mingi, hakubisha, aliuliza ujazo wa birika na nguvu ya hita, akaambiwa lita 1,000 na kilowati 3, akaketi pembeni akafungua daftari. Kupandisha lita 1,000 kutoka nyuzi 27 mpaka 39 hutaka karibu yuniti 14 za umeme. Hita ya kilowati 3 haiwezi kuzitoa yuniti hizo kwa muda ulio chini ya saa 4 na nusu, hata kama joto lisipotee hata chembe. Tena kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, nyumba ya matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa yuniti mpaka yuniti 75 kwa mwezi, na kila izidiyo hulipiwa 350. Basi kuchemsha mara tano tu kungelimaliza karibu fungu zima, na taa, jokofu na pasi vikaangukia katika bei ya juu.

Yamkini kijana hakusema uongo kwa kusudi. Wengi wauzao vitu hawajapata kuvitumia, na husema kwa moyo safi maneno waliyoyakuta dukani. Lakini mnunuzi hutiwa hasara na ujinga wa muuzaji sawasawa na hila yake, na tofauti ya mambo haya mawili ni ya Mungu kuihukumu.

Liliulizwa tena neno la dhamana. Dhamana ilikuwapo, ya mwaka mmoja.

“Likiharibika kule Mafia, fundi wenu atavuka?”

“Hapana, mzee. Utalileta hapa hapa.”

Mwalimu alilitazama lile birika, ambalo wanaume sita wangelinyanyua kwa shida, akaiona safari ya kulirudisha. Hata hivyo lazima isemwe kweli: alilipenda. Alipitisha kiganja juu ya ukingo wake, akajiona amekaa barazani Kilindoni, watu wakija kuuliza habari zake, naye akijibu kwa unyenyekevu wa kujifanya. Bei ilishuka mpaka milioni 8 na laki 8, na mkono wake ulikuwa umekwisha ingia mfukoni. Uliingia mfukoni ukaikuta futi. Akaitoa, akapima ukingo tangu sakafuni: inchi 36. Kizingiti cha nyumba yake kilikuwa cha inchi 6, na mama yake alikivuka kwa kushikwa na watu wawili. Mwalimu akaaga, akasema atarudi, kama wasemavyo wote wasiorudi.

Kariakoo alionyeshwa birika la kupulizwa upepo, lenye bei ndogo na sifa kubwa. Alifikiri panya wa kisiwani na miiba ya mlimau wa uani, akapita. Muuzaji mwingine hakuwa na duka. Alituma picha nzuri kwa simu na kutaka nusu ya bei mbele. Mwalimu alimwuliza yuko mtaa gani, na simu ikawa kimya tangu hapo.

Siku ya tatu alielekezwa Temeke, katika ua ulio nyuma ya gereji, ambako mama mmoja wa makamo aliuza vitu vilivyotolewa katika nyumba zilizobomolewa: milango, masinki, madirisha ya chuma. Mama yule alikuwa akila muhogo. Hakusimama. Kabla hajataja bei ya kitu chochote aliuliza, “Nani ataoga, mwalimu?”

Mwalimu alijikuta hana jibu lililo tayari, ijapokuwa alikuwa nalo tangu Kilindoni. Katika maduka mawili na simu moja hakuna aliyemwuliza neno hilo. Akaeleza habari za magoti, za kusi na za tabibu.

“Basi la viti vitano la kazi gani? Mgonjwa mmoja ataogea mahali pa watu watano?” Akamwonyesha bafu la chuma la kizamani, lililopakwa rangi nyeupe ya kioo, refu la mtu kunyosha miguu, lililolala juu ya matofali. Lilitaka lita 180 tu. “Hapa pameambuka, ni rangi tu, chuma ni kizima. Lakini hapa chini palitoboka pakazibwa. Ukija kuona kutu, usiseme sikukwambia.”

Muuzaji aonyeshaye dosari ya bidhaa yake ama ni mwaminifu, ama ni mjanja aliyewazidi wote. Mwalimu alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akilizungusha shauri hilo. Hatimaye aliomba maji. Akalijaza bafu nusu, akangoja mpaka adhana ya alasiri, kisha akatia mkono chini ya chuma. Mchanga ulikuwa mkavu. Wakapatana shilingi laki 4 na nusu, na yule mama akaongeza kizibo cha mpira bila kuombwa.

Bei ya pili ilianza hapo hapo. Lori, makuli, turubai na kamba, kuteremsha Nyamisati, kupakia, kuteremsha tena Kilindoni: jumla ilifika laki 3 na 90. Mabaharia waliuliza mtumbwi gani huu usio na mlingoti. Watoto wa Kilindoni waliufuata mkokoteni mpaka nyumbani wakiimba.

Fundi mwashi aliifukua sakafu, akalizamisha bafu hata ukingo wake ukawa sawa na urefu wa kigoda, akajenga kando yake benchi la saruji, na ukutani akatia vyuma viwili vya kushikia. Maji yaliyotumika yalipelekwa kwa bomba kwenye migomba iliyo mteremkoni. Umeme haukutiwa kabisa: hewa ya chumvi hula nyaya, na maji ya visima vya nchi ya matumbawe huacha chokaa inayovaa hita kama gome. Pipa la chuma liliwekwa nje juu ya mafiga, likakokewa vifuu na makumbi, na kipimajoto kikaning'inizwa msumarini. Mwalimu alisimama mlangoni ameridhika. Daftari lilikuwa limejaa, na fedha zaidi ya milioni 8 ilikuwa imesalia.

Asubuhi ya kwanza mama yake alisaidiwa kuketi juu ya benchi, akageuzwa taratibu, akashushwa. Maji yalimfika kiunoni. Alifumba macho, na kwa muda hakusema neno. Kisha akauliza, “Maji haya yote yametoka wapi?”

“Kisimani, mama.”

“Yameletwa na nani?”

Mwalimu akamtazama binti yake mdogo wa darasa la sita, aliyekuwa amesimama nje na sare ya shule, mikono imetepeta. Lita 180 ni ndoo 9. Alikuwa ameamka saa kumi.

“Umehesabu umeme wa Dar es Salaam, mwanangu, nasikia mpaka na nusu yuniti,” akasema bibi. “Mtoto hukumhesabu. Mimi sitaoga kesho.”

Wala hakuoga, si kesho yake wala siku sita zilizofuata, na bafu lilikaa tupu na sufi zikaangukia ndani. Mwalimu alirudi Dar es Salaam kwa safari ambayo haikuwa katika daftari, akanunua pampu ndogo ya kisima na tangi la lita 1,000, bidhaa ya namna ile ile waliyokuwa wakiiuza akina Jacuzzi kabla ya mtoto wao kuugua. Safari hii hakupita Barabara ya Nyerere. Alipita Temeke kumsalimu yule mama, akamkuta amekwisha uza milango yote ila mmoja.

Sasa maji hushuka yenyewe kutoka tangini mpaka pipani, na binti hulala mpaka saa kumi na mbili. Kusi imefika tena. Bibi hutoka barazani baada ya kuoga, shuka limemfunika mabega, na magoti yakiwa bado yanauma, ila si kwa namna ya kumnyamazisha. Wazee wenziwe wa mtaani wamepata habari. Jumatatu alikuja mmoja, Jumatano wakaja watatu, kila mmoja na kanga ya kubadili na kikapu cha vifuu kichwani mwa mjukuu, nao huketi foleni barazani wakibishana ni nani mwenye magoti mabovu zaidi. Jana usiku mwalimu aliitwa chumbani kwa mama yake.

“Mwanangu, lile benchi lako la saruji ni fupi. Mwambie fundi aongeze.”