Kuzunguka Dunia kwa Miguu

Mzingo wa dunia kwenye Ikweta ni kilomita 40,075. Sisi Kidato cha Tatu tuliamua kuumaliza bila kutoka hapa Nanyuki: kila mmoja aandike kilomita alizotembea kuja shule na kurudi nyumbani, kisha tujumlishe. Matatu haihesabiwi. Kila siku tulipata kama 200. Basi tukashika njia ya mashariki. Kipande cha Somalia tulikimaliza kwa siku moja hivi, tukaingia Bahari ya Hindi, na huko ni maji matupu mpaka visiwa vya Indonesia.

Mimi nilikuwa nikitembea kilomita 14, kwa hivyo eti nilikuwa injini ya darasa. Zamani waliniita Bwana Kuchelewa. Sasa nikawa napigiwa makofi nikifika na vumbi magotini. Makofi ni matamu, lakini hayapunguzi njia. Saa kumi na moja alfajiri niko barabarani, na jioni usingizi hunikamata kabla ya hesabu ya kwanza.

Muhula huu mjomba amenipa baiskeli kuukuu. Wenzangu wakalalamika, "Wacha hiyo, bwana, hata Sumatra hatujafika!" Niliwajibu wapige mbizi. Sasa darasa linapata 186, nami namaliza hesabu zote kabla mama hajazima taa.